Barua ya Darasa la Nne kwa Baba Shani

Madam Recho alikuja shuleni kwetu na ugonjwa mmoja: alitaka watoto waandike. Nauita ugonjwa kwa sababu huku bondeni Momba, mwaka 2013, hakukuwa na mtu mwingine aliyeutaka. Mtihani wa darasa la saba ulikuwa wa kuchagua jibu na kushedi viduara kwa penseli. Mtoto aliweza kumaliza shule bila kuandika hata sentensi moja iliyotoka kichwani mwake, na wengi walimaliza hivyo hivyo. Mimi nilikuwa nafundisha hisabati, na wanafunzi wangu niliwaambia bila kuficha: ukikosa jibu, shedi C, Mungu si Athumani.

Ukuta kati ya darasa lake na langu uliishia usawa wa kidevu changu. Tofali ziliisha, na hakuna aliyeleta nyingine. Kwa hiyo kila alichofundisha nilikisikia, nikitaka nisitake.

Alikuwa binti wa Isansa, kwao ni watu wa kahawa, walokole, watu wa kupanga mambo. Kuandika alifundisha kwa namna ambayo sijaiona kwa mwalimu mwingine. Darasa la nne zima liliandika insha moja kwa pamoja, ubaoni. Yeye alishika chaki tu. Mtoto mmoja anatoa sentensi, wenzake wanaipima. Wakiikubali inaandikwa. Wakiikataa, mwenyewe anaitetea. Na sentensi ikishaingia ubaoni ni mali ya aliyeitoa: insha ikisomwa, kila mtu anasimama kusoma ya kwake, hata kama ni mtoto mwenye kigugumizi.

Insha ya kwanza ilihusu mvua. "Mvua ilinyesha. Jogoo wetu alilowa. Jogoo alikasirika." Darasa likalipuka kwa kicheko. Amoni akasema jogoo hakasiriki, ni ndege. Mwenye sentensi, Enesi, msichana mfupi mwenye sauti ya mwenyekiti wa kijiji, akawauliza kama wamewahi kumtazama jogoo aliyelowa usoni. Walibishana kipindi kizima. Jogoo akabaki na hasira yake.

"Penye wengi hapaharibiki neno, Mwalimu Fanuel," Madam Recho aliniambia siku ile tukirudi kwenye nyumba za walimu.

"Wengi hao wana daftari mbili kila mmoja, na Kiswahili wanakisikia hapa shuleni tu," nikamjibu. "Utachoka."

Hakuchoka. Ilinichukiza kidogo kuona hachoki.

Aliyeandika vizuri kuliko wote alikuwa Shani, binti wa Luhaga. Luhaga alikuwa Msukuma, mfugaji, aliyefika bondeni na ng'ombe wake baada ya kuhama mara nyingi kuliko alivyotaka kusimulia. Shani alianza shule kwa kuchelewa, akawa na miaka kumi na mitatu akiwa bado darasa la nne, mrefu kuliko wenzake kama mhindi uliootea penye mbolea. Baba yake alimleta kwa sababu moja tu. Alitaka awepo mtu bomani wa kumsomea karatasi za serikali, tarehe za chanjo na amri za kuhama. Mtu huyo akawa Shani, na hakukuwa na mwingine. Kaka zake wote walikuwa machungani tangu wajue kutembea.

Mwaka ule wakulima na wafugaji waligombana sana. Ng'ombe waliingia kwenye ufuta, watu wakapigana fimbo, kikao kikakaa, na wafugaji wakaambiwa mavuno yakiisha watafute pa kwenda. Luhaga akasema atakwenda upande wa Katavi.

Sisi tulilijua hilo kupitia insha. Siku hiyo darasa liliandika kuhusu kipindi cha baada ya mavuno. Watoto wakatoa za kwao: tutakula mahindi mapya, mama atanunua kitenge Tunduma, babu atalewa. Shani akanyoosha mkono.

"Baada ya mavuno sisi tutahama."

Sikusikia ubishi. Nilisikia chaki ikiandika, halafu ikasimama.

"Na shule?" Enesi akauliza.

"Huko porini hakuna shule."

"Basi tumwandikie baba yake," akasema Enesi. "Madam, tumwandikie amwache hapa. Shani, utalala kwetu."

Hivyo ndivyo ilivyoanza. Waliiandika kwa siku kadhaa, nami nikiwa upande wangu wa ukuta nikigawanya na kuzidisha. Walibishania kila neno. Amoni alitaka wamwambie Luhaga kwamba hapa hatuchapwi sana. Wakakubaliana kwamba neno "sana" libaki, kwa sababu ni kweli. Shani mwenyewe alikaa kimya mpaka mwisho, akatoa sentensi yake moja. Kisha Enesi, mwenye mwandiko mzuri, akainakili barua yote kwenye karatasi, na kila mmoja akaandika jina lake kwa mkono wake. Kwa wengine ilikuwa mara ya kwanza katika maisha yao kuandika jina kwenye kitu kinachokwenda kwa mtu mwingine.

Nilimwambia Madam Recho: "Luhaga hajui kusoma. Atasomewa na nani? Na mtoto wake?"

"Haiwezekani Shani amsomee baba yake barua ya kumwombea yeye mwenyewe. Nitakwenda mwenyewe, nitakaa chini, nitamsomea."

Hapo alisema jambo la akili, na lau angekwenda jioni ile ile, leo nisingekuwa na hadithi. Lakini simu ilikuwa imeingia kwamba walimu wapya wote wafike Chitete, makao makuu ya wilaya, na vyeti vyao vihakikiwe, asiyefika asilalamike mshahara ukikatwa. Akamwachia Enesi barua. Akamwambia: "Itunze. Nikirudi tutakwenda."

Akaondoka. Chitete si mbali kwa ndege. Kwa barabara yetu, Fuso lilikatika springi likamlaza njiani, na alipofika akaambiwa mhusika amesafiri, angoje. Akangoja zaidi ya wiki.

Katikati ya wiki ile Shani akaacha kuja shuleni. Watoto wakapeleleza wakarudi na habari kwamba kaka zake wanabomoa zizi la ndama. Darasa la nne halikuwa na mwalimu, nami niliwapa mafungu ya kuzidisha wakae kimya. Wakakaa kimya kweli. Niliwaona vichwa vimesogeleana pale nyuma na nikafurahi kwamba wanasaidiana hesabu.

Walikuwa wanapanga kupeleka barua.

Sasa lazima nieleze jambo hili taratibu, kwa sababu wageni wakisikia hucheka. Watoto wa kwetu hawajui posta. Wengi wao, barua waliyowahi kuiona ikiingia nyumbani kwa heshima ni ya aina moja tu. Inafungwa kwa kitambaa cheupe. Haibebwi na mtoto wala na mwanamke, inabebwa na mzee. Mzee anavaa koti, anapiga hodi, anakaribishwa kigoda, na watoto wanafukuzwa nje. Wao waliona kwamba barua ya namna hiyo husikilizwa, na baba wa nyumba hata kama ni mkali huwa mpole siku hiyo. Basi walitaka barua yao nayo isikilizwe. Hawakujua, au hawakufikiri, kwamba kitambaa kile kinasema kabla ya karatasi.

Enesi akachukua kitambaa cha bibi yake, akakifua, akakipiga pasi ya mkaa. Akaenda kwa babu yake, Mzee Jonasi, ambaye kwa bahati mbaya yetu sote ndiye mshenga wa vitongoji vyote vya upande huu. Amewaoza watu wengi hata hakumbuki wengine majina.

"Babu, tunaomba utupelekee barua kwa Baba Shani. Tunamwomba Shani."

"Nani anamwomba?"

"Inatoka shuleni. Madam anaijua."

Mzee Jonasi naye hajui kusoma. Na mshenga mwenye adabu hawahoji watoto mambo ya wakubwa. Akaona kitambaa, akasikia neno kuomba, akasikia shule, akajaza mengine mwenyewe. Akavaa koti. Alipita mbele ya nyumba yangu nikiwa naosha baiskeli, akanikonyeza, akasema, "Mwalimu, upweke ni mbaya, eeh?" Mke wangu alikuwa amefariki miaka miwili kabla. Nikadhani mzee ameonja pombe ya kangara mapema, nikaendelea kuosha baiskeli.

Kwa Luhaga alikaa kigodani akasema maneno yake ya siku zote: ametumwa, watu wameona ua zuri humu bomani, wanaomba njia ya kuliendea.

"Watu wa wapi?" Luhaga akauliza.

"Wa nyumba za walimu."

Luhaga akapokea kitambaa kwa mikono miwili, kama inavyotakiwa, akakichomeka juu kwenye dari la nyasi. Akasema atajibu. Hakukifungua. Angekifungua asomewe na nani? Msomaji wa boma alikuwa Shani, na hakuna baba anayempa binti barua ya posa yake aisome. Kwa majirani wakulima asingekwenda. Ndio hao hao waliotaka ahame. Karatasi yenye majina ya watoto wote wa darasa la nne ikakaa juu pale na buibui.

Madam Recho alirudi siku ya Alhamisi, vumbi mpaka kwenye kope. Enesi alimkimbilia kabla hajatua begi.

"Madam, tumeshaipeleka! Babu aliipeleka! Tuliifunga na kitambaa cheupe!"

Niliona kwa juu ya ukuta. Madam Recho aliweka begi chini polepole.

"Kitambaa gani, Enesi?"

"Cheupe. Ili aiheshimu."

Hakumgombeza. Alimshika kichwani, halafu akatoka nje na kuja mlangoni kwangu. Alinieleza kwa maneno machache, na hapo ndipo nilipoelewa lile konyezo la Mzee Jonasi. Damu ilinipanda. Mwalimu akisikika anaposa mwanafunzi hana kazi tena, na jela inamngoja. "Twende sasa hivi," nikasema, na nakiri sikuwa nafikiria Shani peke yake.

Tulikwenda kwa baiskeli yangu, yeye nyuma. Tulipofika tukaona ng'ombe ambao si wa Luhaga, madume makubwa yenye alama ngeni kwenye masikio. Watu tusiowafahamu walikuwa wamekaa kivulini wakila nyama. Luhaga alitukaribisha vizuri sana. Alituletea vigoda, akaagiza maziwa, kisha akanitazama kwa huruma ambayo sijaisahau.

"Mwalimu," akasema, "wewe ni mtu mzuri, hilo nalijua. Lakini huna ng'ombe hata mmoja. Usikasirike."

"Mzee, mimi sijaposa mtu!" Sauti ilinitoka kubwa, wale wageni wakageuka. "Shani ni mwanafunzi! Ni mtoto!"

Madam Recho akashuka kutoka kwenye kigoda akapiga magoti, akaomba apewe kile kitambaa. Luhaga akamtazama, akanyanyuka, akakichomoa darini, akampa. Madam akakifungua. Akaanza kusoma, na sauti yake ilikuwa imara mwanzoni.

"Baba Shani, shikamoo. Sisi ni darasa la nne. Shani anaandika vizuri kuliko sisi wote. Jogoo wetu hajambo. Shani akiondoka hatutakuwa na mtu wa kutusaidia neno gumu. Tunaomba abaki hapa asome. Atalala kwa Enesi, kitanda kipo. Atakula tunachokula. Hapa hatuchapwi sana. Ukirudi kumsalimia utamkuta amekuwa mkubwa na anajua mambo mengi."

Hapo akaishia. Sentensi iliyofuata ilikuwa ya Shani, na Madam Recho alishindwa kuitoa mdomoni. Luhaga alikuwa anangoja.

Shani aliisema mwenyewe. Alikuwa nyuma ya ukuta wa jiko, hatukumwona. Sauti ilikuja tu, kavu, kama walivyofundishwa, kila mtu ya kwake.

"Baba, mimi Shani nataka kubaki, sikuachi, nataka kusoma tu."

Mama yake, aliyekuwa anamimina maziwa, aliacha kumimina. Nilitamani Luhaga awe mtu mbaya. Ingekuwa rahisi sana kwangu. Lakini aliinamisha kichwa, na aliponyanyua uso macho yalikuwa mekundu.

"Barua nzuri," akasema. "Mngekuja kusema kwa mdomo."

"Tumekuja sasa, baba," Madam Recho akasema, bado yuko magotini.

"Madam, nisikilize. Mimi nilikuwa namwona mtoto. Siku zote namwona mtoto, namtuma karatasi, namtuma maji. Siku ile mzee alipoingia na kitambaa nikashtuka. Nikasema kumbe wenzangu wameshamwona mkubwa. Nikaogopa. Binti akishaonwa na watu wa mbali na sisi tuko kwenye kuhama, baba akichelewa anapotea huyo. Nikatuma habari kwa watu wetu wa Kamsamba. Wakaja haraka, walikuwa wanamtaka zamani, mimi ndiye nilikuwa nakataa. Sasa nimepokea mahari yao." Akatunyooshea kidole, mimi na Madam. "Ninyi ndio mmenionyesha."

"Warudishie ng'ombe wao," nikasema.

"Wamegawanywa, Mwalimu. Kaka zangu wamechukua wa kwao, wameshawaswaga. Wengine tumechinja, nyama yao ndiyo hiyo wageni wanakula, na hawa waliobaki hawafiki hata nusu. Nirudishe nini?"

"Ni mwanafunzi. Sheria ipo."

"Ipo," akakubali. Hakunibishia wala hakunitisha. Alilisema kama mtu anayekubali kwamba mvua ipo, kule kwa wengine.

Tulikwenda kwa mtendaji wa kijiji jioni ile ile. Alitusikiliza, akatikisa kichwa, akasema ni kosa kubwa, atalifuatilia. Alikuwa amebeba paja la ng'ombe kwenye baiskeli yake, limefunikwa gunia, na damu ilikuwa inadondokea kwenye tairi. Madam Recho aliitazama ile damu. Asubuhi akapiga simu Chitete, akaambiwa alete taarifa kwa maandishi. Akacheka, na kicheko chake nilikichukia. Akaandika hata hivyo, peke yake, ukurasa mzima, akampa dereva wa lori. Sijui kama ilifika.

Jumatatu boma la Luhaga lilikuwa tupu. Yeye na ng'ombe walikuwa wameshika njia ya Katavi, na Shani, wale wageni wameelekea naye Kamsamba. Mama mmoja aliyekuwa akichota maji mtoni aliwaona wakipita. Alisema msichana alikuwa amefungwa kitenge kipya, anatembea mwenyewe, hakuna aliyemshika. Watu walilisimulia hilo kama habari njema.

Mzee Jonasi aliumwa kwa aibu, akasema hatabeba tena barua ya mtu. Enesi hakulia mbele za watu. Alimrudishia bibi yake kitambaa na bibi akakitumia kufunikia unga.

Wiki mbili baadaye Madam Recho akasimama tena ubaoni. Nilimsikia akifuta ubao, akikung'uta kifutio, akiandika tarehe. Nilishangaa kwamba bado ana nguvu. Kusema kweli nilikuwa namngojea. Nilikuwa nimezoea kelele zao, na mafungu ya kuzidisha yalikuwa yananichosha mimi mwenyewe.

"Leo tunaandika kuhusu soko," akasema. Alijitahidi sauti iwe ya kawaida. "Jambo jepesi. Nani ana sentensi ya kwanza?"

Kimya. Nikasimama nikachungulia kwa juu ya ukuta. Walikuwa wamekaa mikono juu ya madawati, wamenyooka, watulivu, darasa ambalo mkaguzi yeyote angelisifu.

"Amoni? Wewe huwa unakwenda na mama sokoni."

Amoni akatazama chini.

"Mtu yeyote. Neno moja tu, tutaliongezea."

Hapo Enesi akanyoosha mkono. Uso wa Madam Recho ulifunguka, nami nikajikuta nimeshika tofali kwa nguvu.

"Ndiyo, Enesi."

Enesi akasimama, kama walivyofundishwa.

"Madam," akauliza, "na hii tukiiandika, ataondoka nani?"